Kutoka Chaki hadi Jeli ya Silika: Historia ya Bamba la Kromatografia ya Tabaka Jembamba na Funzo Lake kwa Usanifishaji wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kifaa kidogo cha maabara, yaani bamba lililopakwa tabaka jembamba la unga linalotumika kutenganisha na kutambua viambato vya dawa, vyakula na mimea. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii iliandikwa katika jarida la kitaalamu tangu mwaka 1938, lakini haikuenea hadi mwaka 1958, pale unga, unene wa tabaka, vifaa na jina vilipowekewa kipimo kimoja. Makala yanaonesha pia kwamba alama zinazosomwa leo kwenye mabamba na katika majina ya sumu za nafaka zimebeba lugha za watu waliosanifisha kazi hiyo. Kutokana na historia hiyo, inajadiliwa kwamba pengo kubwa la Kiswahili katika taaluma ya maabara si uhaba wa maneno, bali ni ukosefu wa utaratibu wa kuyasanifisha maneno hayo yakiwa mikononi mwa wanaoyatumia.

1.0 Utangulizi

Mkaguzi wa dawa katika kituo cha mpakani kwa kawaida hana mashine za maabara kuu. Anachoweza kuwa nacho ni kisanduku chenye chupa za viyeyushi, vidonge vichache halisi vya kulinganishia, taa ndogo ya urujuanimno na pakiti ya mabamba yenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 10. Anasaga kidonge kinachotiliwa shaka, anakiyeyusha, kisha anadondosha tone dogo karibu na ukingo wa chini wa bamba, kando ya tone la dawa halisi. Bamba husimamishwa katika chupa yenye kiyeyushi kidogo, nacho kiyeyushi hupanda ndani ya unga kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kinapopanda huchukua viambato vya dawa, kila kimoja kwa mwendo wake. Mwishoni, doa la sampuli na doa la dawa halisi yakisimama kimo kimoja na kulingana kwa ukubwa, kuna sababu ya kuamini kwamba kidonge kina dawa iliyotajwa kwenye paketi. Doa lisipoonekana, shehena husimamishwa na sampuli hupelekwa kwa uchunguzi zaidi.

Uamuzi huo unategemea vitu viwili ambavyo havionekani kwa urahisi. Cha kwanza ni unga uliopakwa kwenye bamba, ambao katika makala haya utaitwa kinasa kwa kuwa ndio unaonasa viambato na kuvichelewesha. Cha pili ni kibebeo, yaani kioo, karatasi ya alumini au plastiki inayoubeba unga huo. Vyote viwili vina historia, na katika historia hiyo mna suala linalowahusu wataalamu wa lugha sawasawa na linavyowahusu wakemia: kwa nini ugunduzi mzuri hukaa miaka ishirini bila kutumika, na ni nini huutoa katika hali hiyo?

2.0 Chaki, Rangi na Jina

Mwanzo wa kromatografia unahusishwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, aliyezaliwa mwaka 1872 katika mji wa Asti nchini Italia. Mwaka 1903 alitoa mhadhara mjini Warsaw kuhusu namna ya kutenganisha rangi za majani, na mwaka 1906 alichapisha makala mbili katika jarida la jumuiya ya wanabotania wa Ujerumani. Katika makala hizo ndimo lilimotokea jina kromatografia, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Jina la ukoo la Tswett pia lina maana ya rangi kwa Kirusi, na wanahistoria wa sayansi wamejiuliza mara nyingi kama alikusudia kuliacha jina lake ndani ya jina la mbinu.

Kinasa alichokipendelea Tswett kilikuwa kabonati ya kalsiamu, yaani chaki ya kawaida iliyosagwa na kushindiliwa katika mrija wa kioo. Alipomimina juu yake mchanganyiko wa rangi za majani na kuusukuma kwa kiyeyushi, rangi za kijani na za njano zilijipanga katika mikanda tofauti. Chaki haikuwa unga pekee alioujaribu. Alipima zaidi ya unga mia moja wa aina mbalimbali, ikiwemo sukari na inulini, akibainisha upi unanasa kwa nguvu, upi kwa udhaifu na upi unaharibu rangi zenyewe. Kwa hiyo swali la kinasa lilikuwapo tangu siku ya kwanza: kiyeyushi peke yake hakitenganishi chochote, kwani utengano hutokana na mvutano kati ya kile kinachosafiri na kile kinachokaa.

Hata hivyo, mbinu ya Tswett iliishi kwa muda mrefu katika mrija. Mrija ulihitaji sampuli nyingi na saa nyingi. Tswett alifariki mwaka 1919, na mbinu yake haikupata wafuasi wengi hadi miaka ya 1930.

3.0 Unga Usio na Kipimo Kimoja, 1938–1956

Hatua ya kuutoa unga katika mrija na kuutandaza juu ya kioo ilichukuliwa na Nikolai Izmailov na Maria Shraiber mjini Kharkov, Ukraini. Kazi yao ilihusu ukaguzi wa dawa za mitishamba, na tatizo lao lilikuwa muda. Mwaka 1938 walieleza jinsi walivyotandaza alumina na unga wa aina nyingine juu ya kioo cha hadubini katika tabaka la takriban milimita 2, wakadondosha tone la dawa katikati, kisha wakaongeza kiyeyushi tone kwa tone. Viambato vilisambaa kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani, vikaunda duara ndani ya duara, na chini ya taa ya urujuanimno kila dawa ilionesha sura yake. Dakika chache zilitosha kwa kazi ambayo kwa mrija ingechukua saa.

Leo makala yao inatajwa kuwa chimbuko la kromatografia ya tabaka jembamba. Wakati ule haikuleta mabadiliko. Sababu moja ni lugha na mahali, kwani ilichapishwa kwa Kirusi katika jarida la famasia, na vita vikafuata muda mfupi baadaye. Sababu nyingine ni unga wenyewe. Tabaka lao halikuwa na kitu cha kuliunganisha, hivyo bamba lilipaswa kulazwa na kushikwa kwa uangalifu mkubwa. Kila maabara ingelazimika kusaga unga wake, kuuchekecha kwa namna yake na kuutandaza kwa mkono wake.

Mwaka 1949 Meinhard na Hall nchini Marekani walichanganya unga na wanga ili ushikamane na kioo. Mwaka 1951 Justus Kirchner na wenzake, waliokuwa wakichunguza mafuta ya machungwa na malimau huko Pasadena, Kalifonia, wakapiga hatua nyingine. Walipaka asidi ya silika iliyochanganywa na kiunganishi juu ya vipande virefu vya kioo, wakavisimamisha ndani ya chombo kilichofunikwa na kuacha kiyeyushi kipande chenyewe. Waliongeza pia unga unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, hivyo kiambato kisicho na rangi kikaonekana kama kivuli cheusi juu ya bamba linalong'aa. Karibu kila sehemu ya bamba la leo ilikuwa tayari imepatikana.

Ilikuwapo pia mbinu shindani. Mwaka 1944 Consden, Gordon na Martin walichapisha mjini Leeds, Uingereza, kazi iliyotumia karatasi ya kuchujia badala ya unga. Karatasi ilikuwa na faida moja kubwa: ilinunuliwa dukani ikiwa tayari, na karatasi ya namba fulani iliyotumika Leeds ilikuwa ileile iliyotumika kwingineko. Mwaka 1952 Martin na Synge walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa uvumbuzi wao wa kromatografia ya mgawanyo. Hivyo, karatasi ilitawala maabara za miaka ya 1950 ingawa ilikuwa ya polepole zaidi na haikustahimili kemikali kali. Bamba lilikuwa bora kwa mambo mengi, ila karatasi ndiyo iliyokuwa na kipimo kinachofahamika.

Majina nayo yalikuwa katika hali ileile ya unga. Kila kundi la watafiti liliita mbinu kwa jina lake: wengine kwa jina linalotaja uso wa bamba, wengine kwa jina linalotaja vipande vya kioo. Msomaji aliyetafuta habari za mbinu hii asingeweza kujua kwamba waandishi hao walizungumzia jambo moja.

4.0 Egon Stahl na Herufi G

Egon Stahl, mwanafamasia wa Ujerumani aliyechunguza mafuta ya mimea ya dawa, alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu mabamba mwaka 1956. Makala hiyo nayo haikuvuta watu wengi. Badiliko lilikuja mwaka 1958, pale Stahl alipochapisha utaratibu uliosanifishwa. Kampuni ya Merck ya Darmstadt ilianza kuuza unga uliotengenezwa kwa maelekezo yake, na kampuni ya Desaga ya Heidelberg ikauza kifaa cha kutandazia. Unene wa tabaka ulipangwa kuwa robo milimita, na bamba la kawaida likawa mraba wenye upande wa sentimita 20. Jina likawa moja, la Kijerumani, ambalo tafsiri yake kwa Kiswahili ni kromatografia ya tabaka jembamba. Mwaka 1962 alihariri kitabu cha mwongozo wa maabara ambacho baada ya muda mfupi kilitolewa pia kwa Kiingereza.

Ni vyema kutazama nini hasa Stahl aliongeza. Unga juu ya kioo haukuwa wake, kiunganishi hakikuwa chake, na hata kusimamisha bamba ndani ya chombo kulikuwa kumeshafanywa. Mchango wake ulikuwa kuhakikisha kwamba mtu aliyesoma matokeo yake anaweza kununua unga uleule, kuutandaza kwa unene uleule na kupata madoa mahali palepale. Uwiano unaotumika kutaja mahali pa doa ni rahisi: umbali uliosafiriwa na doa hugawanywa kwa umbali uliosafiriwa na kiyeyushi. Doa likifika sentimita 4 wakati kiyeyushi kimefika sentimita 8, uwiano ni 0.5. Namba hiyo haina maana ikiwa unga wa Kharkov unanasa kwa nguvu tofauti na unga wa Pasadena. Mara tu unga ulipokuwa mmoja, namba zikaanza kuzungumza lugha moja.

Unga wenyewe ulikuwa jeli ya silika. Uso wa silika umejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyovuta kwa nguvu molekuli zenye ncha za umeme na kuziachia kwa urahisi zile zisizo nazo, kwa hiyo mafuta hupanda juu ilhali alkaloidi na sukari hubaki chini. Ili unga ushikamane na kioo, Stahl alichanganya takriban asilimia 13 ya jasi iliyochomwa, ileile inayofungia mfupa uliovunjika hospitalini. Aina hiyo ikaitwa kwa herufi G, na G ni herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani lenye maana ya jasi. Aina isiyo na jasi ikapewa herufi H. Baadaye herufi F ikaonesha kwamba unga una kiambata kinachong'aa, na namba 254 ikataja urefu wa wimbi la mwanga, kwa nanomita, unaokifanya king'ae. Namba 60 hutaja kipenyo cha wastani cha vitundu vya silika, ambacho ni nanomita 6, kwa kuwa kipimo cha awali kilikuwa sehemu ya kumi ya nanomita. Aina nyingine ya silika, ambayo uso wake umeungwa na minyororo ya kaboni 18 ili ipende mafuta badala ya maji, huandikwa RP-18.

Usanifishaji huo haukuua aina nyingine za vinasa. Alumina iliendelea kutumika, nayo ikatolewa katika hali ya asidi, ya besi na isiyoelemea upande wowote. Unga wa selulosi uliichukua kazi ya karatasi, hasa kwa asidi amino na sukari. Poliamidi ikafaa kwa rangi za maua na viambato vya jamii ya fenoli. Kilichobadilika ni kwamba kila kinasa kilipata jina, kipimo na kazi inayojulikana, na mtafiti akaweza kueleza alichokitumia kwa maneno machache.

5.0 Kibebeo: Kioo, Alumini na Plastiki

Katika miaka ya 1960 viwanda vilianza kuuza mabamba yaliyokwisha kupakwa, na maabara nyingi zikaacha kutandaza unga zenyewe. Hapo ndipo suala la kibebeo lilipopata uzito. Kioo hustahimili joto na asidi kali, kwa hiyo bamba la kioo linaweza kunyunyiziwa asidi ya salfuriki na kuchomwa hadi viambato vigeuke kuwa madoa meusi ya makaa. Hata hivyo ni kizito, huvunjika njiani na hukatwa kwa kifaa maalumu. Karatasi ya alumini ni nyepesi, hukatwa kwa mkasi wa kawaida na huweza kutumwa kwa posta, lakini huliwa na asidi kali. Plastiki hukunjika bila kuvunjika, ila haivumilii joto kubwa na baadhi ya viyeyushi huidhuru.

Uchaguzi huo unaonekana mdogo, lakini ndio ulioamua mbinu ingefika wapi. Maabara kuu inaweza kutunza mabamba ya kioo. Kituo cha mpakani kinachofikiwa kwa pikipiki kinahitaji alumini. Aidha, kinasa chochote cha silika hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakishika nafasi kwenye uso wake nguvu ya kunasa hupungua na madoa hupanda zaidi ya kawaida. Ndiyo sababu miongozo huelekeza bamba lipashwe moto kwa takriban nusu saa kwenye nyuzijoto zinazozidi 100 kidogo, kisha litunzwe pakavu. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, sharti hilo ni la lazima: bamba lililoachwa wazi mezani usiku kucha si bamba lilelile lililotoka kwenye pakiti.

6.0 Bamba na Afrika Mashariki

Afrika Mashariki iliingia katika historia ya bamba mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulielekea kwenye chakula chao, na hasa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Muda si mrefu ilibainika kwamba karanga za Afrika Mashariki nazo zilikuwa na sumu hiyohiyo, na ni katika karanga za Uganda ambamo watafiti walimpata kuvu aliyeizalisha, aitwaye kitaalamu Aspergillus flavus. Sumu ikaitwa aflatoksini, jina lililofupishwa kutokana na jina la kuvu huyo.

Sumu hiyo ilipotenganishwa na kumulikwa kwa urujuanimno, ilitoa madoa ya rangi mbili. Yaliyong'aa buluu yakaitwa B na yaliyong'aa kijani yakaitwa G, kwa kufuata herufi za kwanza za majina ya rangi hizo katika Kiingereza. Namba 1 na 2 zikatolewa kwa kufuata mpangilio wa madoa, lililopanda juu zaidi likitangulia. Aina iliyokutwa katika maziwa ikapewa herufi M, nayo kwa kufuata neno la Kiingereza. Hivyo basi majina aflatoksini B1, B2, G1 na G2, yanayosomwa leo katika viwango vya nafaka vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni kumbukumbu ya kile macho ya wachunguzi yalichokiona na lugha waliyokitajia. Herufi G ya sumu haina uhusiano wowote na herufi G ya jasi. Moja ni rangi ya kijani kwa Kiingereza, nyingine ni madini kwa Kijerumani, na zote mbili zinaweza kukutana katika ukurasa mmoja wa ripoti ya maabara.

Jambo hili si la udadisi tu. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliwadhuru watu 317 nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Viwango vya Jumuiya vinaruhusu mahindi yawe na jumla ya aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, na B1 isiyozidi sehemu 5. Leo vipimo hivyo hufanywa pia kwa mashine na kwa vipimo vya haraka vya kingamwili, lakini bamba limebaki kuwa njia ambayo maabara yenye bajeti ndogo inaweza kuimudu.

Upande wa dawa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mamlaka ya udhibiti nchini Tanzania ilipeleka maabara ndogo za kubebeka kwenye vituo vya mipakani na mikoani. Kiini cha vifaa hivyo kilikuwa mabamba ya alumini yenye jeli ya silika 60 F254. Ndoto ya Izmailov na Shraiber ya kukagua dawa kwa dakika chache ilikuwa imetimia, mbali sana na Kharkov.

7.0 Funzo kwa Istilahi za Kiswahili

Mkaguzi aliyetajwa katika utangulizi huzungumza Kiswahili na mwenzake wa upande wa pili wa mpaka. Pengine ni lugha pekee wanayoshirikiana kwa ufasaha, hasa pale mmoja alisomeshwa kwa Kiingereza na mwingine kwa Kifaransa. Hata hivyo, mwongozo ulio mbele yao hauko katika lugha hiyo. Mafunzo yakitolewa kwa Kiswahili, kila mkufunzi hulazimika kutafsiri papo kwa papo, na matokeo yake yanafanana na mabamba ya kabla ya mwaka 1958: kila mmoja anasaga unga wake.

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakina malighafi. Jasi ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, na wachimbaji wa Makanya na Itigi nchini Tanzania wanalitumia kila siku. Bamba, tabaka, doa, wanga, chaki na sampuli ni maneno ambayo mwanafunzi wa sekondari anayafahamu. Urujuanimno na kiyeyushi ni istilahi zilizokwisha kuundwa. Kazi ya kuziunda imefanywa kwa miongo mingi: Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa Tanzania mwaka 1967, lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Ugumu upo pale neno linapopita kutoka kwenye kamusi hadi mezani kwa mfanyakazi. Mfano mzuri ni dhana ya msingi kabisa ya mbinu hii, yaani ile sehemu inayokaa na ile inayosafiri. Mfasiri anayefuata lugha za Ulaya huelekea kusema awamu tulivu na awamu mwendo. Katika Kiswahili cha kawaida, hata hivyo, awamu ni kipindi cha wakati: serikali ya awamu ya tatu, ujenzi wa awamu ya pili. Mwanafunzi anayesikia awamu tulivu ana haki ya kudhani kwamba kuna muda ambapo kiyeyushi hutulia. Kosa hilo si la msamiati tu, kwa sababu linamfanya aangalie saa badala ya kuangalia unga. Neno kinasa, lililotumika katika makala haya, linaepuka mtego huo. Msemaji wa Kiswahili ameshalizoea katika kinasa sauti, na linaeleza kazi inayofanyika. Kwa kile kinachopanda, neno kichukuzi linaweza kufaa kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa lina uhusiano wa wazi na mchukuzi anayebeba mzigo wa mtu mwingine.

Mapendekezo haya yanaweza kukubaliwa au kukataliwa. Historia ya bamba inaonesha kwamba ubora wa pendekezo peke yake hautoshi. Makala ya mwaka 1938 ilikuwa na wazo zuri, na ya mwaka 1951 ilikuwa na wazo zuri zaidi. Kilichokosekana ni muungano wa pande tatu: mtafiti aliyeandika kipimo, mtengenezaji aliyezalisha bidhaa kwa kipimo hicho, na kitabu cha mwongozo kilichowafikia watumiaji. Katika usanifishaji wa istilahi, mara nyingi mtafiti huwapo na kitabu huwapo. Anayekosekana ni mtu wa kati, yaani mamlaka ya dawa, shirika la viwango au msambazaji wa vifaa ambaye angelichapisha neno kwenye pakiti, kwenye fomu ya ripoti na kwenye bango la ukutani.

Funzo la pili linahusu hofu kwamba usanifishaji huangamiza tofauti. Hofu hiyo ina msingi katika historia ya lugha yenyewe, kwani Kiswahili Sanifu kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930 kilijengwa juu ya Kiunguja, na lahaja kama Kimvita zikabaki pembeni katika shule. Mfano wa vinasa unaelekeza njia nyingine. Jeli ya silika ilipopewa kipimo, alumina na selulosi hazikutupwa, bali nazo zilipewa vipimo vyao na kazi zao. Vivyo hivyo, neno linalotumika Bujumbura au Lubumbashi kwa kitu cha maabara linaweza kuorodheshwa kando ya lile la Dar es Salaam na Nairobi, mradi kila moja lifahamike linataja nini.

Funzo la tatu ni gharama. Mabamba yaliyopakwa kiwandani yaliondoa kazi ya kutandaza unga, lakini pia yaliondoa ujuzi huo. Pakiti zinapochelewa kufika, maabara isiyo na mtu anayejua kuchanganya silika, jasi na maji hubaki bila kazi. Istilahi zinazoletwa zikiwa zimekwisha kupakwa, bila watumiaji kushirikishwa katika kuziunda, huacha udhaifu uleule. Mkaguzi akikutana na kifaa kipya asichokuwa na neno lake, hana namna ya kuliunda.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaruhusu mapendekezo matatu kwa washauri wa sera. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na mamlaka za dawa na mashirika ya viwango kuandaa mwongozo mmoja mfupi wa kazi ya bamba kwa Kiswahili, ukianza na istilahi zisizozidi hamsini. Pili, mwongozo huo ueleze alama za kimataifa kama G, H, F254 na B1 badala ya kuzitafsiri, kwa kuwa alama hizo ni za pamoja kwa dunia nzima na kuzibadili kungevunja kipimo kilichotafutwa kwa miaka ishirini. Kinachohitajika ni mkaguzi ajue kila herufi inasimamia nini na ilitoka wapi.

Tatu, mwongozo upimwe kama bamba linavyopimwa. Wakaguzi wawili wa nchi mbili jirani wapewe maelekezo yaleyale ya Kiswahili, mabamba ya pakiti moja na sampuli moja, kila mmoja afanye kazi peke yake, kisha madoa yao yalinganishwe. Madoa yakisimama kimo kimoja, maneno yamefanya kazi yake. Yakitofautiana, na mabamba yalitunzwa pakavu kama inavyotakiwa, basi kosa litafutwe katika maelekezo, na neno lililowapotosha libadilishwe kabla mwongozo haujapigwa chapa.